Dada Yangu na Maji Yanayong'ata

"Mwanamke huyu ameniua mara elfu sita na mia nane," shemeji alikuwa anawatangazia wateja, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Nimepiga hesabu. Miaka kumi na tisa, kila siku mara moja, toa siku alizokwenda kumwuguza mama yake. Anarudi kutoka kwenye shimo lake, ananiwekea mikono ya barafu shingoni, moyo unasimama. Mimi mtu wa tanuri, jamani, damu yangu imezoea moto. Na ile miaka ya banda la samaki sijaihesabu, wakati ule nilikuwa namchumbia, ningevumilia hata mamba. Leo sasa ameamua kunimaliza kabisa."

"Mikate sita," alisema dada yangu. Alikuwa nyuma ya kaunta, anawafungia watu mikate kwenye karatasi kama vile hasikii kitu. "Nani aliomba sita?"

"Mmeona? Mimi nakufa, yeye anauza."

"Ukifa nani atakanda? Kufa Jumapili, siku tunayofunga."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa kibarazani, mbele ya duka, na kiatu cha mtu magotini. Mimi ni fundi viatu, na huyo mama wa kaunta ni dada yangu wa tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho. Kibaraza ni cha shemeji. Kodi yangu ni kumsikiliza, na nawaambieni, ni kodi kubwa. Nyumbani wananiita Kisigino, na mji mzima ukafuata.

"Tia saini, mama watoto," shemeji alisema, sasa sauti imeshuka kidogo. "Ni jina lako tu. Umeliandika miaka kumi na tisa, kalamu haijawahi kukuuma."

"Siwezi kuandika nisichokijua."

"Skrini inajua."

"Basi skrini itie saini."

Akavua aproni, akachukua sweta lake la kijani, akatoka kwenda kazini. Jua lile linachoma mpaka mbwa wanatafuta uvungu, na yeye ana sweta mkononi. Wageni wa mji wakimwona humwuliza kama ana homa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Dada anafanya kazi kwenye kituo cha maji ya kilindi, kule mwisho wa barabara ya pwani. Wametia bomba baharini, likaenda mbali, halafu likashuka chini mita mia saba, mahali ambapo jua halijafika tangu dunia iumbwe. Maji ya kule ni ya baridi na ni safi, hayana zile takataka za juu juu. Yakifika nchi kavu halipotei hata tone. Yanazunguka kwenye mabomba ya kupozea hospitali na maofisi, yanakwenda kiwanda cha barafu, yanaingia kwenye mabwawa ya samaki. Mengine yanatolewa chumvi, yanatiwa kwenye chupa, watu wanakunywa. Chumvi yenyewe inauzwa, na kuna mafuta ya kujipaka usoni ambayo mimi niliyajaribu wiki mbili, sura ikabaki hii hii. Hata shamba la kabichi lipo: wamepitisha mabomba ya baridi chini ya udongo, kabichi zinadhani ziko mlimani. Na shemeji naye hakukubali kuachwa nyuma. Anatia chumvi ile kwenye unga, na mwaka jana aliweka kibao kikubwa juu ya mlango, MKATE WA KILINDI, herufi za bluu.

Sasa, kila asubuhi kabla mashine ya chupa haijawashwa, lazima mtu ashuke kwenye chemba, pale bomba linapotokea, ayapime maji, aandike kwenye daftari la zamu kwamba haya kweli ni ya kilindi, atie saini. Bila saini hiyo chupa hazitoki ghalani. Mtu huyo ni dada yangu. Na siku ile, Alhamisi, ilikuwa ya tatu hajatia saini. Skrini ya ofisini ilikuwa inasema digrii nane, kama siku zote. Dada alikuwa anasema siyo. Meneja wake, kijana mmoja mpole wa shati lisilokunjamana, akampa mpaka Ijumaa: ama atie saini, ama arudishe ufunguo wa chemba apande juu akabandike lebo kwenye chupa.

Ili mjue ufunguo ule ni nini kwake, lazima nirudi nyuma kidogo.

Dada alianza kazi kwenye banda la kugandisha samaki akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu mama alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa nakula kama nzige. Kazi ilikuwa kuchambua samaki kwenye barafu, wakubwa huku, wadogo kule, kutwa nzima. Wenzake walikuwa wanakimbia baada ya mwezi. Yeye alikaa miaka kumi na moja. Ikafika mahali anamshika samaki tumboni anakuambia huyu kaingia kwenye barafu leo, huyu jana. Alikuwa akitoka bandani anapitia kwa kijana mmoja mwoka mikate, ananyoosha mikono kwenye mlango wa tanuri, haombi ruhusa. Siku moja yule kijana akamwambia, "Hapa si hospitali." Akamjibu, "Basi funga mlango." Hakuufunga. Huyo ndiye shemeji yangu, na mpaka leo anasimulia kama vile yeye ndiye aliyemtongoza.

Kituo kilipojengwa walitafuta mtu wa chemba. Wakajitokeza watu ishirini na kitu, wengine na vyeti. Mhandisi wao, mzee wa ndevu nyeupe, akaweka ndoo tatu mezani, akasema, "Niambieni ipi imetoka chini kabisa." Wenye vyeti wakaomba kipimajoto. Dada akakunja mkono wa gauni, akauingiza kwenye ndoo ya kwanza, akautoa. Ya pili, akautoa. Ya tatu.

"Hii ndiyo ya chini," akasema. "Hii ni ya juu, mmeitia barafu ikayeyuka. Na hii mmechanganya, mnanijaribu."

Mzee akapima. Akapima tena. "Hii ya barafu umeijuaje?"

"Baridi ya barafu inaanzia kwenye ngozi. Hii nyingine inaanzia ndani."

Mimi mpaka leo sijui maana yake, na nadhani mzee yule naye hakujua, lakini alimpa ufunguo.

Njia yake haijabadilika. Anafungua koki ya kupimia, anaweka mkono wa kulia kwenye maji, anahesabu. Maji ya kilindi, anasema, yanakung'ata kwenye mfupa kabla hujafika ishirini. Ukifika ishirini na mfupa umetulia, hayo si ya chini. Kipimajoto cha ukutani kilikuwepo, na alikuwa anakisoma na kukiandika kama sheria inavyotaka, lakini baada ya mkono, kama mtu anayemwuliza mpishi kuhusu chumvi na huku ameshaonja.

Miezi miwili kabla ya ugomvi huu walikuja mafundi wa mitambo, wakang'oa kipimajoto, wakafunga kipimo kipya chenye waya unaokwenda mpaka kwenye skrini ya meneja. Dada hakugomba. Aliendelea na mkono wake, skrini ikaendelea na nane yake, wakaelewana. Mpaka Jumanne ile. Akahesabu mpaka ishirini, mfupa kimya. Akahesabu mpaka thelathini, kimya. Akapanda juu kutazama skrini. Nane.

Hapo mambo ni mawili tu, na hata mimi niliyeishia darasa la saba nayaona. Ama maji yamebadilika, ama mkono.

Mchana wa Alhamisi duka lilipotulia, shemeji akaja kibarazani, akakaa kwenye boksi langu la viatu. Akatazama barabarani, akatazama kucha zake.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Una ngozi laini?"

"Ya nini?"

"Unishonee glavu. Za mkono mdogo. Za kike."

Nikaweka nyundo chini. "Za mwanamke gani? Jibu polepole, ukumbuke mimi ni mdogo wa nani."

"Za dada yako, mjinga wewe." Akasogea karibu. Sikuwahi kumsikia mtu yule akinong'ona, nilidhani hajafundishwa. "Mwezi uliopita kashika trei. Imetoka tanurini wakati ule ule, mimi mwenyewe nimeivuta kwa kitambaa. Yeye kaipokea kwa vidole, kaiweka mezani, huku ananisimulia habari za harusi ya jirani. Hakusema hata ah. Jioni ndiyo nikaona malengelenge."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkono umekufa? Ule mkono, Kisigino, ndiyo shule yake, ndiyo cheti chake." Akajikuna shingo. "Ndiyo maana nampigia kelele atie saini. Akitia saini yamekwisha, anabaki na chemba yake. Akiendelea kubisha watamleta daktari, watampima, na siku hiyo hiyo atamwaga unga."

"Kumbe hukijali kibao chako?"

"Kibao ni ubao. Sasa usimwambie. Sema glavu umebuni wewe."

Nikakubali. Kwa kweli nilikuwa nimemdhania vibaya. Nilidhani anaogopa watu watasema mkate wake ni wa uongo.

Jioni ya siku ile ile, dada akarudi kutoka kazini. Hakuingia dukani. Akakaa pale pale kwenye boksi, bado pana joto la mumewe.

"Kisigino, chukua sindano yako. Mimi nafumba macho. Choma kidole, nitakuambia kipi."

"Dada, siku hizi umeingia kwenye uganga?"

"Choma."

Nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi kama chupa. Nikachoma kidogo.

"Gumba," akasema.

Nikachoma tena.

"Cha mwisho. Na hicho cha pete. Endelea."

Nikaendelea. Akasubiri, macho kafumba, midomo kaikaza kama alivyokuwa akinisikiliza tahajia zamani.

"Choma basi, unangoja nini?"

Nilikuwa nimeshachoma mara mbili.

Nikamwambia nilikuwa natafuta sindano safi. Akafumbua macho. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na kitone cha damu, na kwenye cha kati kingine. Akavitazama, kisha akavifuta kwenye sketi, bila haraka.

"Viwili," akasema.

"Viwili kati ya vitano, dada. Kuna watu wanaishi na meno mawili."

"Usimwambie yule. Atalia mpaka unga ulowe."

Basi nikawa mimi ndiye ghala la siri za nyumba nzima, mke upande huu, mume upande huu, na mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, kama mumewe alivyosema, "Tia saini, dada. Kama vidole vimekufa, basi si maji, ni wewe."

"Vidole si mkono wote. Kiganja kipo, mfupa upo." Akageuza kiganja. "Au naudanganya moyo wangu. Sijui, Kisigino. Hilo ndilo linalonimaliza. Ningejua nimekosea ningetia saini leo, nikaomba radhi. Ningejua niko sawa ningemtupia yule meneja daftari lake. Sasa sijui. Na asubuhi ndiyo Ijumaa."

Akasimama. "Kesho utakuja na mimi kazini. Uje na mkono wako."

Mlinzi wa getini anavaa viatu nilivyovishona mimi, hakuniuliza kitu. Tukashuka ngazi kumi na mbili za zege. Sijawahi kukaa kwenye chumba kama kile. Juu ni joto la kuokea, ukishuka ngazi ya saba unavuka mpaka, ukifika chini unatoa moshi mdomoni. Bomba limetokeza ukutani, jeusi, nene, mtoto wa mbuzi angepita ndani bila kuinama. Na lina jasho. Matone yanatiririka ubavuni, yanadondokea kwenye mfereji, tap, tap, tap. Pembeni kuna stuli ya dada, kikombe chake, na kalenda ya duka la mikate. Miaka kumi na tisa nilikuwa nacheka kuhusu shimo lake, na nilipoliona nikaona limefagiliwa kuliko sebule yangu.

Akafungua koki. "Weka. Hesabu."

Nikaweka. Nilifika saba nikautoa.

"Yanang'ata?"

"Yameng'ata, yametafuna, yamemeza."

"Sikiliza vizuri. Ni ya digrii nane au ya kumi na mbili?"

"Dada, mimi asubuhi nikioga maji ya kawaida napiga kelele mpaka jirani anaamka. Kwangu yote ni baridi."

"Nimeleta shahidi kiziwi," akasema, na akajaribu kucheka. Akaweka mkono wake mwenyewe. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Kumi. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Akafunga koki, akakaa kwenye stuli, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka pajani. Sikuwa na mzaha wowote wa kumpa.

Halafu nikafanya kitu nilichozoea kufanya kila mahali, nikauliza swali la kijinga. Kulikuwa na kikapu kikubwa cha chuma kimekaa kwenye njia ya maji, kina mfuniko na mikono miwili. Nikauliza ni cha nini.

"Chujio."

"Linakamata nini?"

"Halikamati kitu. Kule chini hakuna takataka. Sheria inasema lifunguliwe kila mwezi, watu wawili, maana ni zito. Kwa miaka yote lilitoa uduvi mmoja mwekundu, basi." Akageuza uso kulitazama, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. "Tukawa wavivu. Tunaandika limefunguliwa, hatufungui. Mara ya mwisho..." Akasimama. "Shika huku."

Akafunga vali mbili, tukafungua, tukanyanyua. Mgongo wangu ukalia. Dada akaliinamisha kwenye mwanga wa taa, akapitisha macho kwenye matundu, moja moja. Mimi ndiye niliyekiona kwanza, kwa kuwa kazi yangu ni ya uzi. Kilikuwa kijiuzi cha kijani, kifupi, kimeng'ang'ania pembeni.

"Hiki hapa kitu chako," nikasema. "Lakini si majani ya baharini tu? Yamejaa pale ufukweni."

Dada akakichomoa kwa kucha, akakiweka kwenye kiganja, akakaa kwenye ngazi.

"Kisigino. Chukua mche wa kabichi, ufungie kabatini, usiwe na mwanga hata kidogo. Baada ya mwaka utapata nini?"

"Mche mfu."

"Kule ni kabati. Giza tangu zamani. Hakuna kitu cha kijani kinachoweza kutoka kule. Hiki kimekunywa jua." Akakunja kiganja polepole. "Bomba limefunguka mahali huku juu juu. Tunavuta maji ya kuogelea watoto."

Nilitegemea atashangilia. Alinawa uso kwa maji yale yale, akapanda ngazi.

Meneja akatukuta ofisini. Viatu vyake vilikuwa na soli nzuri, visigino vimeliwa upande mmoja, mtu wa kutembea na mawazo. Akalitazama jani, akamtazama dada.

"Mama, haiwezekani limeingia na upepo?"

"Upepo upi huo unaovuma ndani ya bomba, mwanangu?"

"Lakini skrini inasema nane."

"Skrini inamwuliza nani?"

Meneja akageuka kuitazama skrini. Dada akanigeukia. "Wewe si hodari wa kufuata mshono? Fuata huu waya."

Nikaufuata. Ulianza nyuma ya skrini, ukapita juu ya mlango, ukashuka kando ya pampu, mimi mbele, meneja nyuma yangu, dada nyuma yake na jani lake. Sisi wote tulitegemea utashuka chemba. Haukushuka. Ulikata kona ukaingia chumba cha sampuli, ukapita nyuma ya kabati la kioo, jokofu la kuwekea chupa za kupimwa. Meneja akafungua mlango wa kabati. Kipimo kilikuwa kimelala kwenye rafu ya pili, kati ya chupa ya sampuli na soda yake.

Baadaye ilijulikana. Mafundi walikifunga kwenye bomba kama walivyoagizwa, lakini jasho la bomba likaulowesha waya, skrini ikawa inazimika. Wakakihamishia mahali pakavu mpaka walete kifuniko. Mahali pakavu pa karibu palikuwa kabati. Na kabati limewekwa digrii nane kamili, ili sampuli zikae kama ziko kwao. Kifuniko hakikuletwa. Miezi miwili kituo kizima, na mhandisi wake na skrini yake, kilikuwa kinapima soda.

"Soda yangu," meneja akasema, kwa huzuni kabisa.

"Ni ya kilindi," nikamwambia, na dada akanifinya ubavuni.

Lakini yule kijana nampa haki yake. Hakutafuta wa kumlaumu. Akaenda mwenyewe kuzima mashine ya chupa, akaleta daftari la zamu kwa mikono miwili, kama mtu anayempelekea mzazi sahani. "Andika unachokijua, mama," akasema. Dada akaandika: Maji yamechanganyika. Si ya kilindi. Jani limeonekana. Chujio lilikuwa halijafunguliwa miezi saba, kosa ni langu. Akatia saini, na ufunguo akaurudisha mfukoni bila kumwuliza mtu.

Wapiga mbizi walipoteremka wakakuta kiungo kimoja cha bomba kimelegea, mita arobaini tu kutoka juu. Ngumi inapita. Matengenezo yalichukua siku kumi na moja. Mimi Ijumaa ile ile nilikuwa nimerudi dukani kumpa shemeji habari, nikijua kibao chake kiko hatarini. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaburuta ngazi, akapanda, akakifunika kibao kwa gunia tupu la unga.

"Mji mzima utajua," nikamwambia kutoka chini.

"Wajue. Mke wangu kasema siyo, basi siyo." Akapigilia msumari. "Kwa hiyo mkono haujafa?"

Mimi nilikuwa nimeapa kwa huyu na kwa yule. Nikamwambia glavu ziko tayari.

Nilimpa dada glavu jioni ile, ngozi laini, mshono wa ndani. Akazigeuza, akaziangalia vidole, hasa cha shahada na cha kati, ambapo niliweka ngozi mara mbili.

"Kisigino, wewe katika maisha yako hujawahi kunipa hata kamba ya kiatu. Mwambie aliyekutuma nimezipokea." Akaenda akazitundika kwenye msumari kando ya tanuri, mahali ambapo mtu anayetoa trei lazima azione. Shemeji akaziona. Wakala chakula, wakaanza kubishana kuhusu chachu.

Siku ya kumi na mbili asubuhi maji ya kilindi yalikuwa yanarudi. Dada alipita dukani kama kawaida, sweta begani. Shemeji alikuwa anatoa trei ya kwanza. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo, na kwa mtu yule huo ni ugonjwa.

"Leo yanafika," akasema.

"Leo."

"Chujio mmelifungua?"

"Jana, na juzi. Meneja mwenyewe kashika upande mmoja, kachafua shati."

"Na kile kipimo?"

"Kiko kwenye bomba. Wamekivalisha plastiki."

Shemeji akapangusa mikono kwenye aproni. Akaipangusa tena. Mimi nilikuwa kibarazani na misumari midogo minne mdomoni, na nikashukuru Mungu kwa ile misumari.

"Mama watoto, nikuulize kitu, na leo usinijibu kwa utani. Jani lilikusaidia, sawa. Leo hakuna jani. Ukiweka mkono wako pale. Utayasikia?"

Dada akamtazama. Akatazama glavu kwenye msumari. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mkate mmoja mdogo kutoka kwenye trei, wa moto, moshi bado unatoka, kwa vidole vitupu. Akautupia mkono wa kushoto, akaurudisha wa kulia, tena wa kushoto, kama anavyofanya mtu yeyote aliyeshika mkate wa moto. Au kama anavyofanya mtu anayejua anatazamwa. Mimi ni mdogo wake, nimemjua tangu nizaliwe, na sikuweza kusema ni ipi.

Akamwekea mumewe kiganja shingoni, kingali na joto la mkate. Shemeji akafumba macho, akakaza mabega, akisubiri kufa. Alipofumbua, mkewe alikuwa ameshashuka kibaraza, amenipita bila salamu, sweta begani, anakwenda barabara ya pwani na mkate wake, akiuhamisha mkono huu na mkono ule.